Uzito wa juu 1880–1900: nani amepunjwa, na rekodi zao zinasomwaje?

KonaYaBluu
Habari wadau. Napanga orodha ya mabondia 10 bora wa uzito wa juu wa miaka hiyo, nikiwaweka kando mabingwa wa dunia Sullivan, Corbett, Fitzsimmons na Jeffries, maana hao hawajasahaulika. Nilidhani ni kuhesabu tu: kashinda ngapi, kapigwa ngapi, sare ngapi. Namba zinagoma. Kilrain na Jem Smith, 1887, raundi 106, sare. Mitchell na Sullivan, 1888, raundi 39, sare. Jackson na Corbett, 1891, raundi 61, hakuna mshindi wala sare. Nikifuata raundi, Kilrain na Smith ndio wenye pumzi kuliko wote. Ni kweli?

MfuataKengele
Si kweli mkuu, hizo raundi si za kipimo kimoja. Pambano la Kilrain na Smith lilikuwa la mikono mitupu, kwa sheria za London: raundi inaisha mtu akigusa chini, hata zikiwa zimepita sekunde 10, hata kama kaangushwa kwa mwereka. Hapo anapata sekunde 30 za kupumzika, kisha 8 za kufika kwenye mstari katikati ya ulingo. Kujiangusha bila kuguswa ilikuwa faulo, lakini aliyechoka alisubiri konde jepesi tu, akashuka nalo, akapata nusu dakika ya kuvuta hewa. Ndiyo maana raundi zinafika 106.

Sheria za Queensberry za 1867, za ngumi za glovu, ni dakika 3 kwa raundi, dakika 1 ya mapumziko, na sekunde 10 kwa aliyeanguka. Sasa piga hesabu. Sullivan na Kilrain, Julai 1889: raundi 75 kwa takriban saa 2 na dakika 16, yaani kila raundi pamoja na mapumziko yake haifiki dakika 2. Jackson na Corbett: 61 mara 3 ni 183, ongeza mapumziko 60, unapata 243. Saa nne na ushei! Kwenye jedwali lako futa safu ya raundi, weka dakika.

Ngumi_za_Kale
Na hapo ndipo Peter Jackson anapopaa. Mzaliwa wa St. Croix, akakulia kwenye ngumi za Sydney chini ya Larry Foley, bingwa wa Australia 1886. Agosti 1888 San Francisco alimmaliza George Godfrey raundi ya 19 na kuchukua ubingwa wa mabondia weusi. Mei 1892 London akamzima Frank Slavin raundi ya 10, na Slavin alikuwa ametoka kumpiga Kilrain mwaka mmoja nyuma.

Sullivan alikataa waziwazi kupigana na bondia mweusi, kwa hiyo "hakuwahi kuwania ubingwa wa dunia" ni aibu ya bingwa, si ya Jackson. Kosa wanalofanya wengi ni kumkata alama kwa kipigo alichopewa na Jeffries Machi 1898, raundi 3. Tazama pengo: tangu Slavin hakuwa na pambano la maana kwa karibu miaka sita, alikuwa kwenye maonyesho na kuigiza jukwaani. Miaka mitatu baadaye kifua kikuu kikamuua. Mimi pambano hilo silihesabu kabisa.

KonaYaBluu
Dakika nimeelewa. Vipi waliokuwa wepesi? Choynski ana vipigo vingi, nilikuwa namweka nje ya kumi.

Ratili168
Mrudishe haraka. Joe Choynski alikuwa na kilo 76 hivi. Novemba 1897 alimaliza raundi 20 sare na Jeffries aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 20. Februari 1901, Galveston, alimlaza Jack Johnson, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, raundi ya 3. Hakuna mwingine kwenye orodha yako mwenye majina hayo mawili akiwa na mwili ule. Charley Mitchell naye mpime hivyohivyo: mwili mdogo, lakini 1883 alimwangusha Sullivan raundi ya kwanza.

Halafu angalia glovu. Juni 1889, juu ya tishari karibu na Benicia, Corbett alivaa za aunsi 2, Choynski glovu za ngozi za kuendeshea farasi. Mishono yake ikamchana Corbett usoni kama kisu. Corbett alishinda raundi ya 27, lakini mikono ilikuwa imeumia. Kwenye rekodi utaona "KO 27" (kamlaza raundi ya 27) na basi.

MfuataKengele
Nakubali kwa Choynski. Mimi nina wasiwasi na Tom Sharkey ambaye kila mtu anampandisha. Ushindi wake mkubwa mara mbili ni wa faulo, yaani mpinzani aliondolewa kwa kuvunja sheria: Fitzsimmons Desemba 1896, Wyatt Earp, yule askari maarufu wa Magharibi ya Marekani, akiwa refa, na Corbett Novemba 1898, msaidizi wa Corbett alipoingia ulingoni.

Ngumi_za_Kale
Zifute zote mbili, bado anabaki. Januari 1899 alimlaza Kid McCoy raundi ya 10. Novemba mwaka huo, Coney Island, alikwenda raundi 25 kamili na Jeffries chini ya mamia ya taa za umeme zilizowekwa kwa ajili ya kupiga filamu, joto likiwaunguza utosini, akamaliza kwa miguu yake na mbavu zimevunjika. Alipoteza kwa pointi. Kipigo hicho kina uzito kuliko sare nyingi ulizoorodhesha.

KonaYaBluu
Sawa. Jackson wa kwanza, Choynski wa pili, Sharkey wa tatu. Kilrain namshusha hadi nipate dakika za lile pambano la 106.