Liki zangu nyembamba halafu kijani mpaka chini, nakosea wapi?

Bustani_Uani: Wakuu habari za jioni. Niko Arusha, nina kabustani nyuma ya nyumba, sukuma na chainizi hazinisumbui ila hizi liki (leeks, zile jamii ya vitunguu) zimenishinda. Nilisia mwezi wa tatu, miche nikaihamishia kwenye tuta nikaifukia juu juu kama vitunguu, sasa hivi mwezi wa saba unene ni kalamu ya biki. Za sokoni zina shina jeupe refu, zangu kijani tupu. Jana nimevuta moja niweke kwenye supu, ikakatikia mkononi. Tatizo mbegu au mimi?

MtuWaLushoto: Mbegu haina kosa mkuu. Ule weupe haujileti, unautengeneza wewe kwa kulificha shina lisione jua. Sisi mche ukifika unene wa penseli tunatoboa shimo la sentimita 15 kwa mpini wa jembe, unadumbukiza mche, udongo hurudishi, unamwagia maji tu shimo litajifukia lenyewe taratibu. Mche kwa mche sentimita 15, mstari kwa mstari 30. Zako anza kuzipandishia udongo kidogo kidogo kama viazi ila usipite pale majani yanapoachana, ukiingia humo utatafuna mchanga hadi uchoke.

Mama_Mboga2: Mi nazungushia kipande cha boksi nafunga na kamba, shina linatoka safi. Mvua ikinyesha boksi linalowa unarudia upya, ndo kero yake.

mzee_wa_samadi: Unene je? Ulizibananisha? Na hapo kabla palikuwa na nini, maana liki na vitunguu ni ndugu, vithiripi (wadudu wadogo wanaofyonza majani) wa huku wanahamia kule. Ongeza samadi iliyooza na maji yasikatike. Kuvuna usivute kavukavu, choma panga pembeni legeza udongo kwanza ndo unyanyue. Na huna haja ya kuvuna zote, zinakaa ardhini vizuri tu unang'oa ya kupika. Ila ukiona imeanza kutoa mti wa ua hiyo ing'oe siku hiyohiyo, katikati inakuwa kama kuni.

Bustani_Uani: Aisee mzee umenikamata, tuta lilikuwa la vitunguu na nimeacha vidole viwili tu mche kwa mche 😂 Kesho nang'oa moja naacha moja, hizo nyembamba zinaingia kwenye mayai ya asubuhi.