Tumelipa pauni 38 kuoneshwa urithi wa Wisbech, tukadanganywa chini ya sanamu ya Clarkson

Ndugu wanajukwaa,

Nimejizuia siku tatu ili nisije nikaandika matusi, lakini hasira haijaisha. Jumamosi iliyopita tulikuwa watu 22, Watanzania na Wakenya tunaoishi Uingereza, wengine na watoto wao, tuliolipa pauni 38 kila mmoja kwa ziara iliyotangazwa kwa Kiswahili kuwa ni "ziara ya urithi" ya mji wa Wisbech, mkoani Cambridgeshire. Mji huo hauna treni ya abiria tangu 1968, kwa hiyo tulichukuliwa na basi la kukodi kutoka Peterborough. Kuhusu basi sina neno: lilifika kwa wakati na dereva alikuwa muungwana.

Malalamiko yangu ni juu ya mwongozaji na wale waliomtuma. Alipotuambia kwamba Wisbech ni "mji wa gulio" nilinyamaza, ingawa alipaswa kueleza kwamba zamani haki ya kufanya soko Uingereza ilikuwa ni kibali cha mfalme, na si kila kijiji kilichoweza kupanga vitunguu barabarani kikajiita mji wa soko. Nilinyamaza pia alipotumia nusu saa nzima kusimulia hazina ya Mfalme John iliyomezwa na maji ya ghuba ya Wash mwaka 1216, kana kwamba tungeletewa majembe tukaichimbe. Kwenye nyumba za kale za North Brink, kando ya mto Nene, tulipiga picha tukaondoka. Nyumba alikozaliwa Octavia Hill mwaka 1838, mmoja wa waanzilishi wa National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, iko ng'ambo ya mto huohuo, naye hakuinyooshea hata kidole.

Kisha tukafika kwenye mnara ulio karibu na daraja. Ni mnara wa mawe wa takriban mita 21, uliojengwa mwaka 1880 na 1881 kwa mchoro wa Sir George Gilbert Scott, na ndani yake imesimama sanamu ya Thomas Clarkson, mpinga biashara ya watumwa aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1760, mtoto wa mwalimu mkuu wa shule ya pale. Mwongozaji wetu alisimama chini yake akatutangazia, kwa sauti ya kujiamini kabisa, kwamba yule ni Wilberforce, "ndiye aliyefunga soko la watumwa Zanzibar".

Mimi ni mzaliwa wa Unguja. William Wilberforce, mbunge Mwingereza aliyepinga biashara ya watumwa, alifariki mwaka 1833, na mkataba uliofunga soko la Mkunazini ulitiwa saini na Seyyid Barghash tarehe 5 Juni 1873, yaani miaka 40 baadaye. Nilipomwambia hivyo alicheka, akanionesha uso wa Wilberforce uliochongwa ubavuni mwa mnara. Ni kweli umo, kama ulivyomo wa Granville Sharp, mpinga utumwa mwingine, lakini wote wawili wako chini, pembeni, na aliyesimama juu ni Clarkson, mwenye mji. Ubavu mwingine umechongwa mtumwa aliyefungwa minyororo akiomba, na binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyeuliza huyo naye anaitwa nani. Alijibiwa kwamba muda umekwisha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kosa hili lina historia yake. Clarkson ndiye aliyeandika insha ya Kilatini pale Cambridge mwaka 1785 juu ya swali kama ni halali kuwatia watu utumwani bila ridhaa yao, akashinda tuzo, kisha akashindwa kulala kwa yale aliyoyasoma. Ndiye aliyekaa mwaka 1787 katika kamati ya watu 12, tisa kati yao wakiwa wa madhehebu ya Marafiki (Quaker), ambayo wenzetu wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wanayajua vizuri, na ndiye aliyezunguka bandarini akiwahoji mabaharia, akanunua dukani Liverpool pingu na chuma cha kupanulia taya za mateka aliyekataa kula. Wilberforce alisema bungeni, ushahidi aliletewa. Hata hivyo, wana wa Wilberforce walipochapisha wasifu wa baba yao mwaka 1838, walimshusha Clarkson akaonekana kama wakala wa kulipwa, na ilibidi baadaye wamwombe radhi. Sisi tumelipa pauni 38 kurudishiwa dhuluma ileile.

Sanduku ambalo Clarkson alibeba kwenye mikutano, lenye vitambaa, mbegu na viungo vya Afrika ili kuwathibitishia Waingereza kwamba bara letu lina bidhaa za kuuza badala ya watu, limehifadhiwa katika makumbusho ya mji, karibu kabisa na kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo. Hatukuingizwa. Tulipewa saa moja na nusu ya "manunuzi binafsi" katika maduka ambayo hata Peterborough yapo.

Niliwaandikia waandaaji Jumapili. Wamenijibu kwamba wageni wengi walifurahia picha na kwamba "tarehe si jambo la msingi". Nataka nusu ya nauli yetu irudishwe, na kabla ya safari ya mwezi ujao jina la Wilberforce liondolewe chini ya picha ya mnara ule katika tangazo lao, kwa sababu hadi naandika hapa bado lipo. Waliokuwa nasi kwenye basi lile, tafadhali andikeni hapa chini mlichosikia.