Khati za Kiarabu: hili ni baba, papa au pamba?

Salaam. Nanakili utendi kwa herufi za Kirumi hapa Lamu. Neno lina be (herufi ya b) mbili tu. Nisomeje?

Jibu 1: Waandishi wengi wa kale walitumia be kwa b, p na mb pia. Alama za irabu nazo: kasra ni i au e, dhumma ni u au o. Hesabu mizani, kila kipande silabi 8.

Jibu 2: Mizani haitamfaa hapo, ndugu, pa-pa na pa-mba zote ni 2. Tazama upatanisho: “hii” na “huyu” hutenga pamba na baba. Kisha linganisha nakala, chuo cha SOAS, London, wanazo nyingi. Na “mato” ya Kiamu usiyageuze “macho”, utavunja kina!

Muulizaji: Kumbe! Linafuatwa na “hii”, basi ni pamba. Ahsanta.