Tempo na metronomu kwa MuseScore (programu ya kuandika noti): wanakwaya, tupeane uzoefu

KondaktaNaks: Wadau habari zenu. Huku Nakuru sai kwaya zote zinataka odio ya mazoezi, skoa (karatasi ya noti) inaandikwa usiku, asubuhi iko WhatsApp, watu wanajifunza sauti zao wakiwa ndani ya matatu. Shida ni tempo, ile kasi ya wimbo. Juzi nimeletewa wimbo wa 6/8 umeandikwa krocheti (noti ya kwaveri mbili, zile noti fupi) = 60 kwa dakika, nikaupiga, yaani alto wangelala. Mtunzi alitaka krocheti yenye nukta = 60. Hiyo ni kwaveri 3 kwa pigo moja, kwa hivyo ni sawa na krocheti 90, lakini vile ilikuwa imeandikwa unapata mapigo 40 tu kwa dakika. Siku hizi skoa ikiingia naangalia kwanza ni noti gani iko kabla ya ile alama ya sawasawa, namba baadaye. Nyinyi mmekutana na nini?

Nyar_Kisumu: Mimi ni rit. aki, ile alama ya kupunguza mwendo polepole. Mtu anaandika "rit." na maandishi ya kawaida alafu anashangaa mbona kompyuta inakimbia tu hadi amina 😂 Maandishi hayo ni ya macho ya binadamu. MuseScore 4 ina laini ya rit. kwa paleti ya tempo, ukiiweka juu ya baa (kile kipande kati ya mistari miwili ya wima) inapunguza mwendo kweli na asilimia unachagua mwenyewe. Wenye bado mko kwa 3, weka 72, baa ifuatayo 66, ifuatayo 58, alafu bonyeza V kwa kila moja, kwa karatasi zinapotea lakini odio inazifuata. Na urudishe namba ya kwanza mbele yake, la sivyo ubeti wa pili wote unaburuta.

MwanaIsukuti: Kakamega hapa. Isukuti, ngoma yetu ya Waluhya, haina namba moja manze, UNESCO waliiweka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka na mimi nikasema wacha niandike ya kwetu, 12/8. Ngoma zinaanza polepole, wachezaji wakishachangamka zinapanda na hakuna mtu ameamua zipande. Nikiweka tempo moja inasikika ni kama keyboard ya harusi. Sasa narekodi wazee kwa simu, nagonga mapigo yao mwanzo, katikati na mwisho, nikipata hizo namba ndio natandika accel. (ya kuongeza mwendo) ndefu katikati.

Jathum254: @MwanaIsukuti umesema kweli. Tulimvalisha mzee wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, hedfoni zenye metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo), akapiga kidogo akazivua. "Nyathina, hii kitu inabishana na mguu wangu." Na si unajua ako na oduong'o kwa kidole gumba cha mguu, ile pete ya chuma anagonga nayo mbao, hiyo ndiyo metronomu yake. Tukamwacha apige vile anajua, tempo tukaiandika baadaye tukimfuata yeye.

SopranoWaKitale: Swali la pembeni, nikipunguza ile kasi kwa pleya hadi asilimia 70 nijifunze, naharibu skoa ya mwalimu?

Nyar_Kisumu: Hapana dada, hiyo ni ya masikio yako tu, alama zilizoandikwa hazibadiliki.

KondaktaNaks: Na fermata je, ile alama ya kushikilia noti? Yangu inapita kama haijaiona.

Jathum254: Ibonyeze, uende kwa sifa zake, kuna mahali pa kurefusha muda. Anza na mara mbili alafu usikilize.