Mkaa mbadala Nyakato: Google Maps hatuonekani mpaka mtu aandike jina letu

jikobanifu_mza
Wakuu habari za leo. Tunauza mkaa mbadala wa pumba za mpunga, duka liko Nyakato. Wasifu wa biashara Google umeshathibitishwa, kategoria ni "Duka". Mtu akiandika "mkaa mbadala Mwanza" hatupo. Tubadilishe jina liwe "Mkaa Mbadala Nafuu Rafiki wa Mazingira Mwanza"?

ramani_ziwani
Jina usiliguse mkuu. Linatakiwa liwe lilelile la kwenye kibao. Ukilijaza maneno, wasifu unaweza kusimamishwa, uanze kuhangaika na leseni na TIN kujitetea. Tatizo ni hiyo "Duka", haisemi unauza nini. Unaruhusiwa kategoria kuu 1 na za ziada 9. Ya mkaa mbadala sijaiona, kwa hiyo kuu weka ya wauza nishati, ya ziada wauza kuni. Inakera kuwekwa fungu moja na kuni, lakini anayetafuta kuni si ndiye mteja wako? Google ikitaka uthibitishe upya, rekodi video moja bila kukata: barabara, kibao, halafu wewe unafungua kufuli la duka.

Bi_Ukerewe
Naongeza. "Rafiki wa mazingira" hakuna anayeiandika akitafuta cha kupikia. Watu huandika "mkaa usio na moshi", "mkaa wa kilo", "bei ya mkaa". Kwenye sehemu ya bidhaa tenganisha kilo 1, kilo 5 na gunia, kila moja na bei yake. Picha zianzie pikseli 720 kwa 720, zisizidi MB 5: gunia likiwa juu ya mizani namba zinasomeka, na kipande kilichovunjwa kionekane ndani. Nembo peke yake haimshawishi mtu.

jikobanifu_mza
Asanteni sana. Na wa Nyegezi na Buhongwa tunaowapelekea kwa bodaboda, nikiweka maeneo hayo tutatokea kwao?

ramani_ziwani
Maeneo ya huduma mwisho 20, weka, ila yanamjulisha mteja tu kwamba mnafika, hayakupandishi huko. Umbali unahesabiwa toka ilipo pini, yaani alama ya duka lako kwenye ramani, na pini inaweza kuwa imeangukia katikati ya barabara. Fungua picha ya setilaiti uisogeze mpaka mlangoni. Kwa wa mbali kinachosaidia ni maoni: mtumie mteja linki ya kuandika maoni kwa WhatsApp mzigo ukifika. Kumpa kilo ya bure ili aweke nyota ni marufuku, maoni hayo yataondolewa.