Kusafisha sensa ya joto la kupindukia: brashi kavu, spiriti, dawa ya kupuliza au kubadilisha?

MwenyeHita: Ndugu wanajukwaa, hita yangu ya umeme yenye feni hujizima muda mfupi baada ya kuwashwa na taa ya tahadhari ya joto huwaka, ilhali hewa inayotoka ni vuguvugu tu. Je, nisafishe sensa kwa brashi kavu, spiriti ya isopropili au dawa ya kupuliza, au niibadilishe kabisa?

FundiMita: Chomoa plagi kwanza, kwa kuwa kuzima swichi hakutoshi, kisha usubiri ipoe na kapasita (sehemu zinazohifadhi umeme) zilizo kwenye ubao wa saketi zimalize chaji. Halafu kagua njia za hewa. Vumbi likiziba feni, joto la ndani hupanda kweli na sensa inafanya kazi yake ipasavyo. Hapo kuisafisha hakutaponya chochote.

Ukinzani: Nakubaliana naye, ila ningepima kabla ya kuchagua dawa. Sensa nyingi ni themista, yaani vipande ambavyo ukinzani wake (kiasi vinavyozuia umeme kupita) hushuka joto linapopanda: ile ya kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25 husoma takriban kilo-omu 3.6 kwenye nyuzi 50. Uchafu wenye unyevu ukiunganisha miguu yake miwili, umeme hupata njia ya pembeni, ukinzani hupungua, na kifaa hudhani kuna joto kali, jambo linalofanana na dalili zako. Kutu kwenye kiunganishi hufanya kinyume chake: huongeza ukinzani, na kifaa huona ubaridi usiokuwepo. Hilo la pili ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu kifaa kinaweza kuendelea kupasha joto bila kujizima.

BrashiLaini: Basi kwa vumbi kavu, brashi laini inatosha. Kwa uchafu ulioganda kwa mafuta au unyevu, tumia spiriti ya asilimia 99 kwenye kijiti cha pamba, kwani ile ya asilimia 70 ina maji mengi. Iache ikauke kabisa mahali penye hewa, maana mvuke wake hushika moto. Dawa ya kupuliza naiona inafaa viunganishi pekee, tena iwe isiyoacha mafuta na isiyodhuru plastiki. Msasa siukubali hata kidogo, kwa kuwa hukwangua tabaka linalozuia kutu.

MwenyeHita: Ndani kuna pia fyuzi ya joto, ile inayokata umeme joto likizidi. Je, naweza kuiunganisha kwa waya kwa muda tu, ili kujaribu?

FundiMita: Hapana, hata kwa dakika moja. Ipime kwa mita plagi ikiwa imechomolewa. Ikiwa imekatika, haifufuki, bali huwekwa nyingine yenye kiwango kilekile cha nyuzi na ampea, baada ya kujua kilichoikata.

Ukinzani: Na unaporudisha sensa, hakikisha kibano chake kinaikandamiza vizuri mahali pake pa awali, na kama ilikuwa na pasta ya kupitisha joto, paka mpya. Sensa iliyolegea husoma joto dogo kuliko lililopo. Ikiwa baada ya kukauka bado inasoma mbali na jedwali la mtengenezaji, ibadilishe kwa ya aina ileile.