Eti suruali 80! Safari hii huyu bwana amevuka mpaka

Mkesha Maktaba (mfungua uzi)

Ndugu zangu, sijalala. Ninaandika alfajiri hii nikiwa na hasira ya jana usiku, na sina haja ya kumtaja aliyeniudhi kwa sababu nyote mnamfahamu: ni yule bwana wa mijadala yetu ya sauti, ambaye husema "kwa ufupi" kisha akazungumza mpaka simu za watu zikazimika kwa kuishiwa chaji. Jana tulikuwa tunawapima marais wa Marekani waliosahaulika, na nilipoona jina la Chester Arthur kwenye orodha nilifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo za Idi, nikaomba nafasi ya kuzungumza mapema, nikapanga karatasi zangu mezani. Ilipofika zamu ya Arthur, bwana yule akaangua kicheko cha kuamsha mtaa mzima, akasema: "Huyu alikuwa na suruali 80. Tuendelee na mwingine."

Suruali 80. Tuendelee na mwingine!

Ni kweli kwamba Arthur alipenda kuvaa, na habari ya suruali hizo imesimuliwa mara nyingi, wala siikanushi. Ninachouliza ni tangu lini kabati la mtu likawa shahidi pekee katika kesi yake. Huyu ni mtu aliyekuwa mkuu wa forodha katika bandari ya New York kuanzia mwaka 1871, akineemeka kwa utaratibu wa vyeo kugawiwa wapambe wa chama na mishahara yao kukatwa michango ya kampeni, mpaka Rais Hayes alipomwondoa mwaka 1878. Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Julai 1881, Charles Guiteau alimpiga risasi Rais Garfield kwa sababu alinyimwa cheo, akatamka waziwazi kwamba sasa Arthur, makamu wa Garfield, atakuwa rais. Hebu fikirini mzigo huo: muuaji amekutaja kwa jina, nchi nzima inakutazama kwa shaka, na usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba, Garfield akiisha kufa, unaapishwa nyumbani kwako, mtaa wa Lexington, saa nane na ushei, mbele ya watu wachache tu.

Mwanamke mmoja mgonjwa wa New York, Julia Sand, ambaye Arthur hakuwa akimjua, alikwisha kumwandikia kwamba watu wanaomboleza, si sana kwa kuwa Garfield anakufa bali kwa kuwa yeye ndiye atakayemrithi, kisha akamsihi ajirekebishe. Kabla hajafa Arthur aliagiza karatasi zake nyingi zichomwe moto, lakini barua 23 za mwanamke huyo zikaonekana baadaye zimehifadhiwa. Na tarehe 16 Januari 1883, mtu huyuhuyu aliyelelewa na mfumo wa vyeo vya kupeana alitia saini Sheria ya Pendleton, iliyoweka mitihani ya kuingilia utumishi wa serikali na kukataza watumishi kulazimishwa kuchangia chama. Mwanzoni sheria hiyo iligusa takribani nafasi moja tu kati ya kila kumi, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na aliyeufungua ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Nilikuwa na hayo yote mezani. Nilikuwa pia na kesi ya Elizabeth Jennings, mwalimu Mweusi wa New York ambaye mwaka 1854, akienda kanisani kupiga kinanda, aliburutwa kutoka kwenye gari la abiria la farasi huku ameng'ang'ania fremu ya dirisha, na dirisha lilipomponyoka akashika koti la kondakta. Wakili wake alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, Chester Arthur, na mwaka 1855 walishinda. Nilikuwa nimesubiri dakika 50 kuyasema. Nikaambiwa suruali 80, kipaza sauti changu kikafungwa, na watu ninaowaheshimu wakacheka.

Pwani Moja

Pole sana, ndugu yangu, lakini Arthur amefariki mwaka 1886 na ninadhani amekwisha kuzizoea suruali zake. Wewe ndiye uliye hai, na ndiye unayehitaji kulala.

Mama Hesabu

Bwana huyo mimi alinifanyia mabaya zaidi, wala sikufungua uzi. Wiki mbili zilizopita alimpitia Garfield kwa kusema kwamba alikufa mapema, basi. Garfield alichapisha mwaka 1876 uthibitisho wake mwenyewe wa kanuni ya Pythagoras kwa kutumia umbo la trapeza, nami huwachorea wanafunzi wangu kila mwaka. Alikaa siku 79 akiteseka huku madaktari wakiingiza vidole visivyooshwa kwenye jeraha, na mwandishi wetu hapo juu anamtaja kama ngazi tu ya kumpandishia Arthur wake.

Mkesha Maktaba

Mwalimu, sikukusudia kumdharau Garfield, nami ninakuomba radhi. Lakini angalau yeye hakuhukumiwa kwa nguo. Suruali 80, mwalimu!

Mwana Lushi

Mimi nipo Lubumbashi na nimesoma maelezo yako mazuri mpaka mwisho, nikiisubiri tarehe moja ambayo sikuiona. Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ya huyo Arthur wako ilikuwa dola ya kwanza duniani kuitambua bendera ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji iliyokuwa ikiitwaa Kongo yetu, ile ya buluu yenye nyota ya dhahabu. Mjumbe wa Leopold, Henry Sanford, alikuwa amekwenda Washington kumshawishi, na Desemba 1883 Arthur aliliambia Bunge lake maneno ya kuisifu kazi ya jumuiya hiyo. Baada ya Marekani wakafuata wengine. Huku kwetu Katanga mfalme wetu Msiri akapigwa risasi Bunkeya Desemba 1891 kwa kukataa bendera hiyohiyo, na kwingineko watu wakakatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Kwenye karatasi zako za mezani, ndugu, hilo lilikuwa ukurasa wa ngapi?

Mkesha Maktaba

Lilikuwepo, kaka, ukurasa wa mwisho, na nakiri kwamba nililiweka nyuma kwa kuwa lilinisumbua. Katika ukurasa huo ipo pia sheria ya mwaka 1882 ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina, ambayo alikataa kuisaini ilipotaja miaka 20, kisha akaisaini ilipopunguzwa kuwa 10. Lakini hapo ndipo hasira yangu inapozidi: mtu akisema "suruali 80, tuendelee na mwingine," anaifuta Pendleton na anaifuta Kongo pamoja. Anamwachia Arthur aondoke bila sifa na bila deni.

Mwana Lushi

Kwa hilo ninakubaliana nawe. Deni lisifutwe kwa kicheko.

Binti Darajani

Mkimaliza na suruali, naomba mnisikilize na mimi, kwa maana huyo bwana alimruka kabisa Martin Van Buren, rais ambaye lugha yake ya kwanza haikuwa Kiingereza bali Kiholanzi, na aliyeletewa zawadi za Sayyid Said. Mwaka 1840 merikebu Sultana ilifika New York ikiwa na karafuu, pembe za ndovu na tende, pamoja na mjumbe Ahmad bin Naaman, na ndani yake mlikuwa na farasi wawili, lulu, shali na upanga wa dhahabu kwa ajili ya rais. Katiba yao ikamkataza kuzichukua bila idhini ya Bunge, na farasi wale wakauzwa.

Pwani Moja

Zawadi ya Sultani ikanadiwa? Huo ni utovu wa adabu.

Mama Hesabu

Si utovu wa adabu, ni sheria, na ninatamani ingekuwepo kwingine pia. Ila huyohuyo Van Buren ndiye ambaye mwaka 1838 Wacherokee walihamishwa kwa nguvu chini ya utawala wake, wakafa maelfu njiani, kwa hiyo farasi wasitupofushe.

Binti Darajani

Hawanipofushi, mwalimu. Lakini mlipaji wa gharama za kuikarabati Sultana kabla haijarudi alikuwa serikali ya Marekani, na hilo nalo liandikwe.

Mkesha Maktaba

Jamani, tulikuwa kwa Arthur.

Pwani Moja

Dada Binti Darajani, farasi hao walikuwa wa kutoka Maskati au walichukuliwa Unguja?